Netiweki ya Hospitali Iliyofika Hadi Hotelini

Ninyi mnaoingia kazi hii ya netiweki sasa mna simu ya mfukoni inayowaonyesha mawimbi yamefika wapi. Sisi tulitembea na laptopu ikiwa wazi, tumeibeba mikononi kama sinia ya chapati, tukizunguka kiwanja cha mteja tukitazama vile vistari vya nguvu vikipanda na kushuka. Watu walitufuata wakidhani tunauza kitu. Mama mmoja wa Kitale aliniuliza kama ninapima ardhi. Kama ni ardhi, alisema, ana kesi ya mpaka na jirani yake na angependa nianzie kwake.

Mimi ni Nafula. Nimestaafu sasa, ninafuga kuku na ninapokea simu za watu ambao printa zao zimegoma. Kabla ya kompyuta nilikuwa opereta wa simu Webuye. Mashine zilipochukua nafasi yetu nilihamia Kitale kwa dada yangu, na huko nikaajiriwa na Mzee Gachanja, aliyekuwa na duka la kompyuta karibu na soko. Wazazi wake walikuwa wametoka upande wa Mlima Kenya wakapata shamba Trans-Nzoia, naye akaanza maisha kwa kutengeneza redio za simu za upepo kwenye mashamba makubwa ya mahindi. Wengi walimwomba kazi ile wakiwa na vyeti vingi kuliko mimi. Alinichukua mimi, na nilipomuuliza sababu alinijibu bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Opereta wa simu anajua kunyamaza. Kompyuta nitamfundisha."

Nilidhani ananitania. Lakini ni kweli kwamba sisi tulifundishwa. Ukishaunganisha watu wawili kwenye ubao wa simu unasikia sauti zao. Unangoja neno la kwanza ili ujue laini imeshika, halafu unatoa sikio. Nilisikia mwanzo wa habari nyingi za watu wa Webuye na sikujua mwisho wa hata moja.

Mzee Gachanja alikuwa na msemo mwingine ambao aliurudia mpaka tukauchoka: "Waya huishia pale ulipoukata. Hewa huwezi kuikata." Maana yake ni kwamba ukiweka netiweki ya waifai dukani kwako, mawimbi hayajui mpaka wa ploti yako. Yatapita dirishani, yatavuka barabara, yataingia kwa jirani bila kubisha hodi. Wateja walikuwa wagumu kuelewa hilo. Wengi waliogopa wizi wa kile kisanduku chenyewe cha kurushia mawimbi tu. Kuna mwenye duka la pembejeo kule Bokoli, mtu mzuri sana, aliyetuita akilalamika kwamba netiweki tuliyomwekea imekufa. Nikafika nikakuta amekifungia kisanduku ndani ya kabati la chuma, pamoja na dawa za ng'ombe, ili kisiibiwe. Mzee Gachanja alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani, akasema hiyo ndiyo netiweki salama kuliko zote alizowahi kusikia. Haifiki popote, hakuna wa kuiingilia.

Nawaambia haya ya kuchekesha ili msikimbie ninapofika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe lilikuwa Bungoma.

Ilikuwa miaka ile kabla ya waya za faiba kufika mjini kwetu. Intaneti ilikuja kwa sahani ya setilaiti juu ya paa, na ilikuwa nyembamba. Hospitali moja ndogo ya binafsi, sitaitaja jina, ilikuwa na sahani kama hiyo. Mwenyewe alikuwa Daktari Simiyu, mtu wa makamo, mkali kidogo, anayependa kazi yake. Shemeji yake alikuwa amemletea kisanduku cha waifai kutoka Nairobi, akakitoa kwenye boksi, akakichomeka ukutani, taa zikawaka. Kila mtu alifurahi, shemeji akanywa chai akarudi Nairobi. Hakuna aliyebadilisha chochote. Jina la netiweki lilikuwa lile la kiwandani, na paswadi hakuna.

Daktari alitupigia simu kwa shida moja tu. "Intaneti yangu inatambaa," alisema. "Asubuhi inatembea, ikifika mchana inatambaa. Kujeni muangalie." Mzee Gachanja akanituma mimi.

Nilipofika niliambiwa Daktari ana kikao, ningoje. Kwenye benchi nje ya ofisi yake alikuwa ameketi mwanamke mwenye koti jeupe amelikunja magotini, ameshika pochi yake kama mtu anayengoja gari. Nilikaa kando yake. Nilimsalimu, akaitikia bila sauti. Baada ya muda akaniuliza kama mimi ni mgonjwa.

"Hapana, ni fundi wa kompyuta."

"Uko na bahati," alisema. "Kompyuta haisemi mtu vibaya."

Jina lake lilikuwa Metrine, na ndiye aliyekuwa akiendesha maabara ya hospitali ile. Hakuwa mtu wa kueleza mambo yake kwa mgeni, lakini siku ile nadhani mgeni ndiye alikuwa rahisi kuambia. Mwalimu mmoja, mtu anayeheshimiwa, mzee wa kanisa, alikuwa amepimwa pale akakutwa na virusi vya ukimwi. Alianzishiwa dawa. Kabla mwezi haujaisha habari ilikuwa imefika shuleni kwake, ikafika kanisani, ikamfikia mke wake kwa midomo ya watu wengine kabla yeye mwenyewe hajapata ujasiri wa kumwambia. Mwalimu alikuja hospitali akasimama mapokezi, akasema mbele ya wagonjwa wote kwamba mtu aliyeshika majibu yake ni mmoja. Hakutukana. Alitoka akaenda zake, na tangu siku hiyo hakurudi kuchukua dawa.

"Na kweli aliyeshika ni mimi," Metrine alisema. "Nilipima mwenyewe, nikaandika kwa kompyuta mwenyewe. Hata nesi hakuona. Sasa nitasema nini?"

"Uliambia mtu?"

Alinitazama. "Mama, mimi hata bwana yangu simwambii nani alikuja kupimwa malaria."

Mlango ukafunguliwa akaitwa ndani. Hakukaa sana. Alipotoka alinipita kama hanioni, koti lile akaliacha juu ya meza ya mapokezi. Kisha Daktari akatokea, uso umemshuka, akaniomba radhi. Alisema amemsimamisha kazi mtu aliyemwamini, na mchana ule lazima aandikie baraza linalosimamia watu wa maabara ili wamnyang'anye leseni. "Nenda kwanza ukule kitu hapo jirani," aliniambia. "Nikimaliza hii mambo tutaangalia intaneti."

Jirani ilikuwa hoteli ndogo, ya chai na maharagwe, iliyopakana na ukuta wa hospitali. Mhudumu wake, Praxides, alinionyesha meza ya pembeni kabla sijachagua. Niliagiza chai, nikatoa laptopu ili nimwandikie Mzee Gachanja kwamba nitachelewa. Sikutarajia kupata netiweki. Nilitaka tu kuandika, nitume baadaye. Lakini mashine yenyewe ikanong'ona pale chini ya kioo kwamba imeunganishwa, na nguvu ni nzuri sana. Nikatazama jina la netiweki. Lilikuwa la kiwandani.

Nilijua ni ya nani. Swali lililobaki lilikuwa netiweki hii inafika wapi kwa upande wa pili. Nikafungua pale mahali pa kuonyesha kompyuta za jirani, na zikajipanga mbele yangu: MAPOKEZI, DAWA, MAABARA. Kando ya jina la maabara kulikuwa na folda iliyoachwa wazi ili Daktari aweze kusoma majibu akiwa ofisini. Ilikuwa wazi kwa Daktari, na ilikuwa wazi kwa kila mtu aliyekuwa akinywa chai.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, vijana, maana mtafika mahali kama hapa. Kidole changu kilikuwa juu ya ile folda, na ningeifungua ningepata ushahidi wote niliotaka. Sikuifungua. Yale majibu hayakuwa yangu, na mwenye ruhusa alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilimwomba Praxides anichungie meza, nikarudi hospitali kwa miguu iliyotaka kukimbia.

Daktari alikuwa tayari amekaa kuandika. "Daktari," nikamwambia, "naomba uje tunywe chai hapo jirani."

"Mama, niko na kazi."

"Najua. Ni hiyo kazi ndiyo nataka uiache kidogo. Ukishaandika hautaweza kurudisha nyuma."

Sijui alisikia nini kwenye sauti yangu, lakini alikuja. Aliketi mbele ya laptopu na kofia ya kalamu bado iko mdomoni.

"Hii ni nini?"

"Ni kompyuta zako."

"Umeingia aje?"

"Sijaingia, Daktari. Nimekaa tu. Mashine imejishika yenyewe, hakuna paswadi. Hiyo ya tatu ni ya maabara. Mimi sina ruhusa ya kuifungua, wewe unayo."

Akaifungua. Nilitazama dirishani alipokuwa akisoma. Akaja Praxides na chupa ya chai, amefurahi kweli kweli kuona mteja mkubwa.

"Daktari, hata wewe umekuja kutumia hapa? Mimi huambia watu, hii meza ya pembeni ndiyo inashika vizuri kuliko hata huko ndani kwako."

Daktari akafunga laptopu polepole kwa viganja vyote. "Watu gani hao, Praxides?"

"Wengi bana. Wale wa kuuza madawa, wale wa bima. Na ule mwalimu kijana wa huko Mabanga, ule wa miwani, Jumamosi hakosi. Ananunua soda moja anakaa nayo mpaka jioni." Alimimina chai, hajui amesema nini. "Si walisema ati ni ya bure?"

Daktari alikuwa anamjua kijana huyo. Alikuwa akifundisha shule moja na mwalimu mgonjwa.

"Huwezi kusema ni yeye," Daktari aliniambia baada ya Praxides kuondoka. Nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe.

"Sijasema ni yeye. Lakini hauwezi tena kusema ni Metrine."

Alikunywa chai yake yote bila sukari, na sukari ilikuwa mbele yake. Kisha akaenda ofisini, akaikunja ile karatasi aliyokuwa ameanza, na akaniomba nichomoe kisanduku cha shemeji ukutani. Nilikichomoa, na intaneti ya mapokezi, iliyokuwa kwenye waya, ikaanza kukimbia papo hapo. Kumbe nusu ya mji ilikuwa juu yake. Ile shida aliyotuitia ilikwisha kwa kuvuta plagi moja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuifurahia.

Kuhusu yule kijana nitawaambia kwa kifupi. Daktari alimwita akamuuliza kwa upole, naye hakukana. Alisema aliona folda, akafikiri ni ya hospitali kwa ajili ya watu wote, akafungua, akaona jina analolijua. Akamwambia rafiki yake mmoja tu. Siri zote nilizowahi kusikia zikisambaa zilianza kwa rafiki mmoja tu.

Asubuhi iliyofuata Daktari aliniomba nimsindikize Sirisia, nyumbani kwa Metrine, kwa sababu alitaka mtu wa kueleza upande wa mashine. Tulimkuta akipukuchua mahindi kwenye gunia, peke yake. Alitupa viti, naye akabaki chini. Daktari alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alisema machache.

"Metrine, nimekukosea. Siri haikutoka kwako. Ilitoka kwa netiweki yangu."

Nami nikaeleza, nikijaribu kutotumia maneno ya kazi: jinsi mawimbi yalivyopita ukuta, jinsi folda ilivyokuwa wazi. Mikono yake haikuacha mahindi. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Mwalimu ameambiwa?"

Daktari akasema bado. Alikuwa ameanzia kwake.

"Basi umekosea njia," Metrine alisema, bila ukali. "Mimi nimekosa kazi tu. Yeye anakunywa dawa ama aliacha? Kuna mtu anajua?"

Hakuna aliyejua. Metrine akasimama, akakung'uta makapi kwenye sketi. "Nendeni kwake kwanza. Mkitoka huko ndio mnipitie."

Tulienda. Mwalimu hakutukaribisha ndani, na simlaumu. Alisikiliza akiwa amesimama uani, mikono nyuma, kama anayemsikiliza mkaguzi wa shule. Daktari alimwambia yote, hata la shemeji na kisanduku, akamwomba msamaha, na akamwomba arudi kwenye dawa, pale ama hospitali nyingine yoyote. Mwalimu akasema, "Nimesikia." Akaingia nyumbani. Hilo ndilo jibu tuliloondoka nalo, na lilikuwa zito njia nzima.

Metrine alirudi kazini. Daktari alikusanya wafanyakazi wote mapokezi na kusema mbele yao, sauti ya kawaida, nani hakukosea na nani alikosea. Nilikuwa pale. Wengine walimkumbatia Metrine, na wengine walitazama viatu vyao, wale waliokuwa wameacha kumsalimu.

Basi ikabaki kazi yetu. Daktari alikuwa amechoka na mambo ya hewani, akataka tung'oe waifai yote. Mzee Gachanja alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Kitale na swichi mpya, kile kisanduku cha kugawia waya za netiweki, kwenye gari lake, na akakataa.

"Manesi wanabeba laptopu wodini?"

"Wanabeba."

"Ukiwanyima, mmoja wao ataleta kisanduku chake kutoka nyumbani, akichomeke nyuma ya friji, na hautajua. Afadhali tuiweke sisi, vizuri."

Kisha akachukua kipande cha boksi na kalamu, akachora boma. Daktari alikuwa mtu wa Bungoma, alielewa upesi kuliko kwa vitabu vyote. "Mgeni akija kwako anakaa wapi? Sebuleni. Unampa chai, unampa kiti kizuri, anafurahi anaenda. Hata akiwa mtu mzuri namna gani, hapiti jikoni, hapiti chumbani kwa wazazi. Wewe ulikuwa na nyumba ya chumba kimoja, Daktari. Mgeni, mpishi, wazazi, wote kwa mkeka mmoja."

Ndivyo tulivyoigawa. Waya ulikuwa mmoja na swichi moja, lakini ndani ya swichi tulitenganisha sehemu, kila moja isiyoiona nyingine. Wageni na wagonjwa walipata netiweki yao yenye jina lao, inayoenda intaneti na si mahali pengine. Ofisi na mapokezi walipata yao. Duka la dawa likawa peke yake. Maabara tuliitoa hewani kabisa, tukairudisha kwenye waya, na ile folda ikabaki na watu wawili wa kuifungua, kila mmoja kwa jina lake. Pale sehemu mbili zilipolazimika kuzungumza, tuliandika sheria ya jambo hilo moja tu. Kisha tukabadilisha kila kitu kilichotoka kiwandani: jina, paswadi ya kuingilia mitambo, yote. Wakati ule wengi walikuwa bado wanatumia ulinzi wa zamani ulioitwa WEP, na mtu mwenye programu ya bure angeupasua chai haijapoa. Tukaweka ule mpya wa wakati huo, WPA, na laptopu moja ya zamani iliyoshindwa kuuelewa tukaifungia kwenye waya badala ya kushusha ulinzi wa watu wote kwa ajili yake. Mwisho tukashusha nguvu ya antena na kuihamisha kutoka dirishani hadi katikati ya jengo.

Msidhani ilienda sawa mara moja. Siku ya pili Daktari alinipigia simu nikiwa Kitale. "Mama, mmeua duka la dawa. Lebo hazitoki." Tulikuwa tumeiweka printa kwenye sehemu ya mapokezi, na duka la dawa halikuiona tena, kama tulivyoamuru. Mkigawa netiweki, anzeni kwa kuuliza nani anachapisha wapi. Tuliipa printa sehemu yake yenyewe, na sheria kwamba hao wawili wanaweza kuitumia na yenyewe haiwezi kuwaita.

Halafu kulikuwa na paswadi. Mimi ndiye niliyechagua ya kwanza ya wafanyakazi, na nilijivunia: mlimaelgon. Nikawasomea kwa sauti, mimi binti wa Bungoma, nikiwasomea watu wa Bungoma. Kufikia saa nne nusu ya hospitali ilikuwa imefungiwa nje. Mmoja ameandika mrima, mwingine ameandika ergon, na nesi mkuu ameandika yote mawili akaapa ndivyo nilivyotamka. Mzee Gachanja alinitazama kwa huruma. "Kwanza, hiyo hata mtoto wa hapa ataikisia akitazama tu dirishani. Pili, Nafula, kwa nini unaweka l kwa paswadi ya watu wenu, na mnaichanganya na r?" Iliyofuata ilikuwa sentensi nzima, ndefu, haina l wala r, na tuliigawa kwa kuandikiana na kuchana karatasi. Tangu hapo, mfanyakazi akiondoka, hata aondoke kwa heri na keki, paswadi ilibadilishwa siku hiyo hiyo.

Tulipomaliza kabisa nilifanya jambo ambalo nawaomba msiliache kamwe. Nilitoka nje nikawa mgeni. Nilirudi hotelini kwa Praxides, meza ile ile ya pembeni, nikafungua laptopu. Safari hii nilikwenda na Metrine, kwa sababu nilitaka aone kwa macho yake. Mashine ilitafuta, ikatafuta, ikaleta netiweki ya wageni ikiwa dhaifu sana. Niliingia kwa paswadi ya wageni, nikafungua pale pa kompyuta za jirani. Kioo kilikuwa cheupe. Hakuna MAPOKEZI, hakuna DAWA, hakuna MAABARA.

"Ziko wapi?" Metrine aliuliza.

"Ziko kazini kwako. Hapa hazipo."

Alitazama kile kioo kitupu kwa muda, halafu akaegemea kiti na kutoa pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya benchi. Akaita chapati na maharagwe, akala yote, akaita nyingine. Praxides alikuja kulalamika. "Mama Fundi, mmeniharibia biashara. Ile meza sasa hakuna mtu anataka." Nilimwahidi nitamsaidia akipata intaneti yake mwenyewe, na alipoipata miaka michache baadaye nilimsaidia, na nilimwekea paswadi.

Lakini bado kulikuwa na mwalimu. Nilikuwa nikienda Bungoma mara kwa mara kuangalia mitambo, na kila mara nilimuuliza Metrine kwa macho tu, naye alitikisa kichwa. Mvua za mahindi zikaja, zikaisha. Nilianza kuogopa kuuliza.

Siku moja nilikuwa maabara nimepiga magoti chini ya meza, nikikaza waya uliolegea, nikasikia mtu akibisha. Viatu vyeusi vilivyong'arishwa vilisimama kizingitini. Nilivijua kabla sijainua kichwa, kwa sababu siku ile uani nilikuwa nimevitazama sana nikishindwa kumtazama mwenyewe. Alikuwa amekonda. Alimsalimu Metrine, akanisalimu na mimi pale chini bila kuuliza ninafanya nini.

"Nilikuwa nachukua dawa Eldoret," alimwambia Metrine. "Ni mbali, na huko hakuna anayenijua. Nilidhani hiyo ndiyo raha." Akatazama kompyuta iliyokuwa mezani. "Daktari ameniambia mmeweka mambo vizuri."

"Tumeweka, Mwalimu."

"Si hiyo imenileta. Nilikuja kwa sababu nilisema jina lako mbele ya watu, na wewe hukuwa umefanya kitu."

Metrine alivuta kiti, akakipangusa ingawa kilikuwa safi. Mwalimu akaketi, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu. Metrine akamfunga mpira wa kutolea damu juu ya kiwiko na kuanza kutafuta mshipa kwa kidole, taratibu, akimuuliza habari za mke wake, naye akijibu kwamba yuko salama, amemsindikiza, anangoja nje.

Nilikusanya bisibisi zangu. Waya nilikuwa sijamaliza kuukaza, lakini ungeweza kungoja. Nikatoka, nikawavutia mlango.